Bega la Doreen

Asha, Wairimu na Bahati,

Siku ile mliyoniaga mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Bosi naye aliniomba hivyo hivyo kwa Kiingereza, na yake nimeshampa: kurasa kumi na moja za sindano, joto la pasi, namna ya kusafisha mahameli kwa mvuke na kwa nini msimwamini mtu anayeuza zari ya bei nafuu. Hii ni yenu nyinyi watatu. Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu meza yetu, kwa kudra za Mungu na kwa vijana wa Kiingereza kuukimbia ushonaji wa mkono, imegeuka meza ya Waswahili. Sababu ya pili ni kwamba kuna jambo humu ambalo nikilisema kwa lugha ya watu nitalipamba, na nimeshalipamba vya kutosha.

Nani alipanda cheo na nani alilipwa nini sitaandika. Someni mpaka mwisho, hata pale mtakapochukia.

Nilifika London kijana wa miaka ishirini na minne, kutoka Wete, Pemba, nikiwa na koti la kuazima na ruhusa ya kukaa mwaka mmoja mmoja. Mama yangu alikuwa mshonaji wa kofia za viua, zile za kudariziwa kwa matundu, na mimi nimekua kando ya mkeka wake nikimtungia sindano. Mhindi mmoja wa Kingsbury, mzaliwa wa Unguja, ndiye aliyekuwa akiiuzia karakana yetu ya majoho na tepe za nishani nyuzi za zari. Alinikuta mskitini nimevaa kofia niliyoishona mwenyewe, akaivua kichwani pangu bila ruhusa, akaigeuza, akaitazama ndani, akaniambia, "Wewe, Jumatatu unakuja na mimi."

Ngazi mnazijua. Siku hizo zilikuwa na zulia. Juu, kwenye meza ile ile mnayokaa, walikuwapo watu watano, na mkuu wao alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu mwenye pini nne mdomoni. Aliniambia neno moja tu.

"Mikono."

Nikamwonyesha. Akaigeuza viganja juu, viganja chini, kama tunavyoangalia samaki. Akanipa kipande cha hariri niupinde ukingo wake. Nilipomaliza hakuutazama mbele kabisa. Aliugeuza nyuma, akaupeleka dirishani.

"Mbele kila mtu anajua kushona," alisema. "Mimi nakagua nyuma."

Huyo ndiye Doreen. Kwetu mtu mkubwa humwiti kwa jina tupu, kwa hivyo nikawa namwita Bi Doreen. Mwezi mzima alidhani "Bi" ni kifupi cha tusi fulani. Nilipomweleza maana yake alicheka mpaka akatema pini, na tangu siku hiyo mtu mpya akija alimwambia, "Mimi ni Doreen kwa nyinyi, Bi Doreen kwa Haji." Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, bila shaka, tena cha mashariki ya London kisicho na adabu nyingi. Nawatafsiria mimi.

Alianza kazi akiwa na miaka kumi na mitano. Hakuolewa. Alikuwa na mpwa mmoja, paka wawili na kastabini, kile kikofia cha kidole, ya fedha iliyotoboka mara mbili akaiziba kwa nta. Kila nishani iliyopita mezani aliijua kwa kuigusa tu, na kila siku saa nne, chai ilipokuja, alitufundisha. Hayo mnayoyajua ya manaiti, hao wanaoitwa Sir, mmeyapata kwangu, na mimi niliyapata kwake. Msije mkadhani nilisoma chuo.

Mwanzo wake, alikuwa akisema, naiti alikuwa mtu mwenye farasi, basi. Mfalme alihitaji wapanda farasi vitani, akawagawia ardhi ili farasi wapate kula. Baadaye kanisa likawatia kiapo: waseme kweli, wawalinde wanyonge, wasikimbie. Washairi wakawatia mapenzi. "Na sisi," alisema, "tukawatia mahameli, ndiyo maana hawakimbii tena. Ni mazito."

Mtoto wa miaka saba alitolewa kwao akapelekwa nyumba ya bwana mwingine kuandika meza na kufundishwa adabu. Akifika kumi na minne huanza kumbebea bwana wake ngao na kumsuguia deraya. Akifika ishirini na moja, kama hajauawa, alifunga, akaogeshwa, akakesha kanisani na silaha zake. Alivikwa kanzu nyeupe kwa usafi wake, joho jekundu kwa damu atakayoimwaga, na soksi nyeusi kwa udongo atakaorudia. Nikamwambia Bi Doreen kwamba kwetu nguo ya udongo ni nyeupe vilevile. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi nyinyi mmepunguza rangi moja. Fundi wenu ana akili."

Kisha likaja kofi. Watu husahau kwamba kabla ya upanga lilikuwa kofi la shingo, pigo la mwisho ambalo naiti mpya angelipokea maishani bila kulirudisha. Siku hizi ni upanga tu, bega la kulia kisha la kushoto, taratibu, na mwenye kupewa amepiga goti la kulia kwenye kibao chenye mto. Mto ule tumeushona sisi mara tatu. Hakuna anayesema "Inuka, Sir fulani". Hiyo ni ya sinema. Bi Doreen alikuwa akiiona kwenye televisheni anazima kabisa.

Wa chini katika ngazi ndio wakongwe, wale wasio katika ushirika wowote, ambao wana jina tu na nishani ndogo ya shingoni. Juu yao wamo walio katika ushirika wenye madaraja, wenye nyota kifuani, na juu ya hao wenye utepe mpana wa kukatisha mwili na mkufu wa dhahabu ambao mtu akifa ni lazima urudishwe, uvaliwe na mwingine. Zamani kulikuwa na wale waliopandishwa hapo hapo vitani: bendera ya mtu ilikuwa na mikia, mfalme akaikata mikia kwa kisu, ikawa ya mraba, akawa mkubwa. "Fundi wa kwanza wa kazi yetu," alisema Bi Doreen, "na pindo hakupiga."

Na juu kabisa upo ule ushirika mmoja mkongwe, wa watu dazeni mbili hivi, ambao huvaa mkanda chini ya goti la kushoto na utepe wa buluu.

Hapo ndipo penye kisa chetu, kwa hivyo nieleze polepole, ingawa mnajua. Karibu nishani zote, utepe mpana hupita bega la kulia ukashukia nyonga ya kushoto. Ule wa buluu hupita bega la kushoto ukashukia nyonga ya kulia. Utepe haushonwi mnyoofu. Ncha zake mbili hukutana nyongani kwa pembe, hukunjwa, hupigwa fundo, na pembe hiyo ina upande. Ukiikunja ya kulia, basi ni ya kulia. Mvaaji hawezi kuigeuza, na akiwa mzee mwenye mtu wa kumvisha, atavishwa kama ulivyoshonwa.

Miaka minne Bi Doreen alikagua kila kitu changu, nyuma na mbele. Kila kazi ilikuwa na kadi yake, na mpaka leo ipo: kisanduku cha aliyeshona na kisanduku cha aliyekagua, kila mmoja anatia herufi mbili za jina lake. Mwaka wa tano, asubuhi moja ya mvua, aliniita mbele ya wote, akaniambia nipige goti. Nikadhani kimeanguka kitu. Akachukua ile yadi ya mti ya kupimia vitambaa, akanigusa bega la kulia, akanigusa la kushoto, akarudi kitini. Kisha akatoa kadi tupu sita, akazitia herufi zake kwenye kisanduku cha aliyekagua, akanipa.

"Hizi ni zako," alisema. "Sitazikagua."

Jamani, nilikwenda chooni nikalia. Baba yangu alikufa sijamwona, mama alikuwa mbali, na nchi hii kila mwaka ilinipima kama inipe mwaka mwingine. Na mwanamke huyu ananiambia hataangalia nyuma ya kazi yangu.

Kadi ya tatu kati ya zile sita ilikuwa ya utepe wa buluu.

Ulikuwa wa bwana mmoja mzee sana, aliyetakiwa auvae kwenye karamu ya wageni. Ule wa zamani ulikuwa umechakaa. Niliukata vizuri, rangi niliilinganisha dirishani, mishono ya nyuma ungeipeleka popote. Na niliikunja pembe ya kulia. Nilikuwa nimeshona za kulia mia na zaidi, na za buluu nilikuwa nimeona mbili tu, zote mkononi mwa Bi Doreen. Lakini nitawaambia kweli: haikuwa mazoea peke yake. Mimi nimelelewa kwamba mkono wa kushoto ni wa chooni. Kitu cha heshima hukipi kushoto. Nilipoushika utepe ule mzuri kuliko zote, mikono yangu iliupeleka kuliani wenyewe, na roho yangu ikatulia, ikaona hapa sawa. Chaki ilikuwa imenijaa vidoleni, nikasema herufi zangu nitazitia baadaye. Kisanduku cha aliyeshona kikabaki kitupu.

Picha ilitoka gazetini. Watu wa nchi hii wanaweza kuibiwa barabara nzima wasiseme, lakini utepe ukikaa bega siyo, wanaandika barua. Yule mzee alichekwa kwenye klabu yake. Mkewe aliurudisha utepe ndani ya boksi pamoja na barua fupi iliyosema kwamba mumewe ameahidi hatauvaa tena, wala huu wala mwingine, na kweli hakuuvaa.

Bosi wa wakati huo, baba yake huyu wa sasa, alisimama ngazini akaita, "Kadi!"

Bi Doreen alikuwa karibu na kabati. Aliitoa kadi, akaitazama, akanitazama mimi. Nikajua hapo hapo. Nikafungua mdomo, akanitolea macho. Akainamisha kichwa, akatoa kalamu nyuma ya sikio, akaandika kwenye kile kisanduku kitupu herufi zake, D.M., kama mtu anayemalizia kazi aliyoisahau. Kisha akampelekea.

Tulipobaki wawili nilimwambia, "Bi Doreen, nitamwambia mimi."

"Utamwambia nini? Ruhusa yako inaisha lini?"

"Mwezi wa tatu."

"Na barua ya uhamiaji nani anaiandika?"

"Yeye."

"Basi nyamaza. Mimi nimezaliwa hapa. Hawawezi kunirudisha popote."

Nikanyamaza. Nilijiambia ni mpaka karatasi zitoke.

Walimshusha chini, kwenye kile chumba cha maboksi kisicho na dirisha. Mtu aliyekwenda nyumba za wakubwa kuwapima mabega, akawa anakunja karatasi laini na kubandika anwani. Hakuna aliyemtukana. Walikuwa wakimwambia, "Pole, Doreen, sote tunakosea," na hilo lilikuwa baya zaidi. Chai ya saa nne alikunywa peke yake huko huko. Baada ya miezi kumi akasema magoti yanamuuma, akaacha. Alikuwa amekaa miaka thelathini. Kastabini yake aliniachia mimi, ndiyo hii mliyoniona nayo.

Aliwahi kutufundisha jinsi naiti aliyeasi alivyovuliwa. Mpishi wa mfalme huja na shoka la nyama, akamkata vile vichomeo vya dhahabu vya visigino, vya kumhimizia farasi. Ngao yake hutundikwa juu chini. Wengine walilazwa kwenye jeneza wakasomewa sala ya maiti na huku wanasikia. Sote mezani tulicheka habari ya mpishi. Miezi ile kumi, kila nikisikia mkanda wa gundi ukikatwa chini, nilimkumbuka mpishi, na mimi mwenye kustahili shoka nilikuwa juu dirishani, kwenye kiti cha Bi Doreen.

Karatasi zangu za kudumu zilitoka miaka miwili baadaye. Nilimpigia Bi Doreen kutoka kibanda cha simu.

"Hongera," alisema, na sauti yake ilikuwa ya furaha kweli.

"Bi Doreen, sasa nitawaambia."

"Uwaambie nini, Haji? Yameshapita. Shona."

Na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linalonikondesha. Sikubishana naye hata mara moja. Nilitundika simu, nikaenda zangu Barking nikamwambia mke wangu karatasi zimetoka, tukapika pilau.

Mnakumbuka ukaguzi wa watu watatu? Uliwekwa baada ya siku ile, na mtu mpya akija huuliza kwa nini utepe wa buluu unakaguliwa na watatu. Mara ya kwanza kuulizwa, nilikuwa mimi peke yangu mezani ninayejua. Ningeweza kusema kweli. Badala yake nilisema, "Alikuwapo mama mmoja, Doreen." Nikasimulia. Yule kijana akacheka. Mara ya pili nikaongeza uso wa yule mzee kwenye karamu. Mwaka hadi mwaka ikatiwa chumvi, mpaka ikawa hadithi ya karakana, na msemo ukazaliwa, mnaousema nyinyi kila siku mtu akigeuza kitu upande siyo: "Umefanya Doreen." Msemo umemvua hata ule u-Bi. Wairimu, wewe wiki ya kwanza ulikunja joho kinyume, na mimi ndiye niliyekwambia hivyo, ukacheka, nikacheka.

Kila mwaka alinitumia kadi ya Idi. Sijui siku aliijuaje; nadhani alikuwa anapiga simu mskiti. Mimi nilimjibu mistari miwili. Mara mbili au tatu nilianza mstari wa tatu, nikaichana karatasi. Watoto walizaliwa, nyumba, safari za Pemba kuzika; daima palikuwa na jambo. Halafu kadi zikakatika, na Mungu anisamehe, nikaona nafuu.

Siku ya kuniaga bosi alisimama na glasi yake akasema, "Miaka yote hii, na Haji hakufanya Doreen hata mara moja!" Nyote mlipiga makofi. Bahati ulipiga mbinja. Mimi nilikuwa nimeshika keki. Niliiweka mezani, nikatoka nje kwenye ngazi, na nyinyi mkadhani ni huzuni ya kuacha kazi.

Wiki hiyo hiyo nilimwandikia mpwa wake. Akajibu kwamba shangazi yake yuko kwenye nyumba ya wazee, Edmonton, na kwamba hamjui tena mtu. Binti yangu Salma alinitazama ninavyovaa koti. Yeye Kiswahili anakisikia vizuri lakini hukijibu kwa Kiingereza.

"Namwendea Bi Doreen," nilimwambia. "Nina deni la maneno."

"Baba, it was thirty years ago. She won't even know you."

"Mimi namjua."

Treni, kisha basi. Mlangoni alinipokea nesi Mkenya, Njeri, binti mkarimu mwenye viatu vya kukimbilia. Aliposikia lafudhi yangu akaingia Kiswahili moja kwa moja.

"Karibu, mzee. Wewe ni wa family?"

"Mfanyakazi mwenzake."

"Ai, pengine utatusaidia basi. Huyu mama kila siku anaomba msamaha. Anashika mtu mkono, anasema, 'Sorry about the shoulder.' Sisi tulidhani ni yeye ana pain, tukamwitia physio. Tukampiga mpaka X-ray. Bega ni sawa kabisa. Sasa hatujui ni bega gani."

Nikamwomba Njeri anipeleke alipo.

Bi Doreen alikuwa dirishani, amekuwa mdogo, nywele nyeupe zimekatwa fupi. Mezani mbele yake palikuwa na leso za karatasi, naye alikuwa akizikunja moja moja kwa pembe, pembe ya buluu, ya kushoto, bila kukosea hata moja. Amesahau mpwa, amesahau paka, ameisahau karakana na kila nishani aliyoigusa. Miaka thelathini ya kazi, na kilichobaki kichwani ni kosa moja ambalo hakulifanya.

Akanishika mkono. "Samahani kwa lile bega, bwana," alisema.

Nikapiga goti, kwa sababu kiti chake kilikuwa chini. "Bi Doreen, mimi Haji. Utepe ule nilishona mimi. Kosa ni langu. Wewe uliniokoa."

Alinitazama kwa huruma, kama tunavyomtazama mtoto anayejisingizia ili nduguye asipigwe.

"Wewe ni mtu mwema," alisema. "Lakini kadi ina herufi zangu."

Ndipo, Asha, nilipokuja siku ile nikakuomba ufunguo wa kabati la zamani, nikasema natafuta sampuli ya zari. Nilikudanganya. Kadi nimeikuta, imegeuka rangi, D.M. juu na D.M. chini. Niliichukua nyumbani. Nikakata herufi zake za juu, za aliyeshona, kwa mstari mmoja, nikaandika zangu, H.M., nilivyopaswa kuandika mikono ilipokuwa na chaki.

Alhamisi iliyofuata nikampelekea. Njeri alikuwa akimwekea chai. Bi Doreen aliipokea kadi, na kwa mara ya kwanza nikamwona yule wa zamani: mgongo ulinyooka, macho yakakaza. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akaitazama mbele. Kisha akaigeuza nyuma, akapitisha kidole pale kalamu yangu ilipokandamiza.

"Huu ni wino mpya," alisema. "Hii imechezewa."

"Bi Doreen, ni kweli iliyoandikwa hapo."

"Nani amekutuma?" Sauti yake ikapanda, wazee wengine wakageuka. "Kuna kijana anangojea karatasi zake. Mnataka kumtia hatiani yeye! Kosa langu mimi. Niliwaambia ni mimi!"

Akaanza kulia, mwili mzima unatikisika, chai kidogo imemwagika kwenye leso zake. Nilijaribu kumshika, akanisukuma. Njeri akapiga magoti kando yake, akamfuta, akanigeukia na kunong'ona.

"Mzee, tafadhali, usibishane naye. Akiwa hivi hali chakula, halali usiku. Sisi tukimwambia amesamehewa hataki kutuamini, anasema si sisi aliotukosea. Wewe amekuona kama mtu wa hiyo kazi. Mwambie tu umemsamehe."

"Siwezi, mwanangu. Hujui unaniambia nini."

"Sijui. Lakini mwangalie."

Nikamwangalia. Mikono yake ilikuwa ikitafuta leso, na leso zimelowa. Akanitazama usoni, akangoja, kama sisi tulivyokuwa tukimngojea yeye dirishani na kazi zetu.

"Samahani kwa lile bega, bwana," alisema.

Nikamwambia, "Nimekusamehe, Bi Doreen."

Akashusha pumzi. Akanishukuru mara mbili. Kisha akanywa chai yake yote.